Tundu la Babati Kwenye Sahani ya Nyota

Tangu nirudi sijavuka soko la Babati bila kusimamishwa. Muuza mitumba, mchungaji, hata kijana wa bajaji aliyenitoa stendi na begi langu, wote swali lao ni moja: Mwalimu Neema, ulikwenda kufanya nini Afrika Kusini, na mbona unatembea ukicheka peke yako? Basi nimekaa chini niandike, maana nikiendelea kusimulia kwa mdomo nitaongeza chumvi mpaka chakula kisilike. Habari za viza na tiketi naziruka. Hazina utamu hata kwangu mimi niliyezipitia.

Kabla ya kuondoka

Wengi mnajua nafundisha fizikia sekondari ya Bonga, ila hamjui kwamba nilipokuwa nasoma shahada ya pili Afrika Kusini niliwahi kufanya kazi na timu iliyokuwa inatengeneza mashine ya darubini. Mwaka huu mashine ikawa tayari kufungwa na kujaribiwa. Kiongozi wao, Daktari Hendrik, mzee mrefu anayetembea kama amechelewa msiba, akatuomba wanafunzi wake wa zamani tukamsaidie likizo ya mwezi wa sita.

Mashine yenyewe inaitwa spektrografu. Inachukua mwanga wa nyota, inauchambua rangi kwa rangi kama upinde wa mvua, halafu inachora mstari wenye milima na mabonde. Anayejua kuusoma huo mstari anakwambia nyota ina joto gani na imeumbwa kwa vitu gani. Uzuri wa hii ya Hendrik ni kwamba inapima nyota mamia kwa mkupuo mmoja. Mnachukua sahani ya chuma pana kama ungo, mnaitoboa matundu pale hasa ambapo mwanga wa kila nyota utaangukia, kisha kwenye kila tundu mnachomeka kwa mkono uzi mwembamba wa kioo. Uzi ndio unaobeba mwanga mpaka kwenye mashine.

Sasa Hendrik akasema kila mmoja wetu atapewa tundu moja, achague nyota yake. Mimi nikalipeleka langu kwa Form Four waliokuwa wamebaki kambi kujiandaa na mtihani. Niliwaonyesha picha ya kipande cha anga kitakachopimwa, nikawaambia chagueni. Walibishana vipindi viwili vizima. Wakachagua inayong'aa kuliko zote pale, wakaibatiza Kwaraa, jina la mlima wetu, kwa hoja kwamba kitu cha Babati hakiwezi kujificha.

Kiranja wao, Witness, hakupiga kura. Nilipomuuliza akaniambia kwa adabu kabisa, "Madam, hayo mambo yana wenyewe. Sisi tunakariri tu tufaulu."

Ile kauli iliniuma, nisiwafiche. Nikawaahidi mbele ya wote kwamba nitarudi na mstari wa Kwaraa na tutaubandika ukutani kabla hawajafanya mtihani. Nilijua ninakojitia. Darubini tulipewa siku chache tu, baada ya hapo inakwenda kwa watu wengine mpaka mwakani, na mwakani hawa watakuwa wameshamaliza shule. Nikirudi mikono mitupu Witness atakuwa amesema kweli.

Nyumbani, mama yangu, ambaye sokoni wanamwita Mama Neema na kila mtu anamjua kwa mizani yake ya maharage, akasema begi langu halitoki bila kupimwa. Ana utaratibu wake hauvunjwi: kwanza anapima gunia tupu, halafu analitia mzigo, anapima tena, kisha "anatoa la gunia", yaani anaondoa uzito wa lile gunia tupu. Begi likaingizwa kwenye gunia, likatundikwa, mama akakokotoa kichwani. "Limepungua kidogo kwenye kipimo cha watu wa ndege," akasema. Kwa furaha akanijazia karanga za kukaanga na chupa ya asali.

Babati mpaka uwanja wa ndege

Kwenye basi nilikaa na bibi mmoja wa Dareda anayekwenda kumwona mjukuu Arusha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza safari. Nikajibu bila kufikiri, "Naenda kuangalia nyota, bibi."

Akanitazama usoni. Tulipofika mbele akanigeukia taratibu. "Mwanangu, una shida gani? Ni mume?"

"Hapana, bibi."

"Ni kazi?"

Hapo ndipo nikagundua anadhani naenda kwa mganga kutazamiwa bahati. Nilijieleza, darubini, mwanga, sahani, matundu. Kadiri nilivyoeleza matundu ndivyo alivyozidi kunihurumia. Basi likapata pancha karibu na Minjingu, na wakati abiria wote wameshuka wanakula mahindi ya kuchoma, bibi akanishika mkono, akaniombea sala ndefu nitoke katika vifungo vya giza. Nikasema amina kwa moyo wote. Nani anakataa maombi kabla ya kupanda ndege?

Uwanja wa ndege ndipo mizani ya mama ilipoaibika. Begi limezidi, tena si kidogo. Nilimwambia dada wa kaunta kwamba mizani yao ina matatizo, mama yangu hajawahi kukosea. Akaniangalia kwa upole wa mtu anayesikia hayo kila siku. Nikafungua begi pale pale, nikavaa sweta juu ya sweta, koti juu yake, kitenge juu ya koti, na karanga nikazigawa kwenye mifuko yote. Asali ikabaki ndani ya begi, viatu vya akiba nikavining'iniza shingoni. Nilipanda ndege nimejaa kama gunia la lumbesa, nacheka mwenyewe.

Johannesburg

Ndege ya kuunganisha ilichelewa, ikachelewa tena, kisha wakaacha hata kutangaza. Nikakaa na mama mmoja anayefanya usafi pale uwanjani, yuko kwenye mapumziko yake. Alinisalimia Kizulu. Nikamjibu Kiswahili, sijui kwa nini, labda kwa uchovu. Tukatazamana. Akaonyesha chakula chake akasema inyama. Nikasema nyama. Akaonyesha maji, amanzi. Maji, nikasema. Akainua vidole, bili, thathu. Mbili, tatu. Aisee, tulicheka mpaka watu wakageuka. Mtu ni umuntu, nyoka ni inyoka. Tulikuwa kama ndugu waliopotezana wakiwa wadogo.

Alinikatia nusu ya chakula chake, andazi kubwa lisilo na sukari limejazwa nyama ya kusaga. Nami nikachomoa karanga kwenye mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila nilipochomoa aliangua kicheko upya. Ndege ilipoitwa hatimaye, nilisikitika kuondoka.

Barabara ya Karoo

Cape Town nilipokewa na Mutale, Mzambia mpole aliyeandika programu ya kompyuta ya mashine yetu. Yeye ndiye angenipeleka kwa gari mpaka mlimani kwenye darubini. Alisema tunaondoka sasa hivi. Nikabeba begi, nikasimama mlangoni. Kumbe sasa hivi ya kule ni sawasawa na "nimeshafika" ya bodaboda wa Babati. Nilisimama mlangoni mpaka miguu ikauma.

Njiani, kwenye nyika ya Karoo, ni nchi kavu, tambarare, vichaka vifupi na kondoo, halafu kondoo tena. Tulisimama kwenye duka moja, Mutale akaninunulia nyama kavu iliyotiwa viungo. Nilitafuna kipande kimoja kilomita nyingi sana. Baadaye tukakuta kondoo wamejaa barabarani na mchungaji wao amesimama anaongea na simu, hana habari nasi. Mutale akataka kupiga honi. Nikamzuia, nikashuka, nikawaswaga kwa mluzi ule ule tunaotumia kwa mbuzi wa kijijini Mutuka. Wakapisha. Mutale akaniuliza hiyo ni fizikia ya wapi.

Mlimani

Baridi ya kule, jamani. Mimi nimelala Mbulu mwezi wa saba na nilidhani naijua baridi. Zile sweta zote nilizovaa kwa sababu ya mizani zikawa ndiyo akili pekee niliyokuwa nayo.

Hendrik alinipokea kwa neno moja, "Mwalimu," akanipeleka mezani kwenye sahani. Mchana kutwa tulichomeka nyuzi. Ni kazi kama ya kusuka nywele: vidole vinajua, ukifikiri sana unakosea. Nilipofika kwenye tundu la Kwaraa nilichomeka uzi polepole, nikaupigapiga kidogo kama mtoto anayewekwa kulala. Hendrik aliniona, akajifanya hakuniona.

Kuna matundu mengine hayana nyota. Anga lenyewe, hata likionekana jeusi, lina mwanga wake hafifu unaochanganyika na wa nyota. Kwa hiyo matundu machache yanatobolewa mahali patupu, kompyuta inapima mwanga wa hapo, halafu inautoa kwenye kila nyota ili nyota ibaki peke yake. Hiyo nilikuwa naijua tangu zamani na sikuifikiria zaidi.

Kisha mawingu yakaja. Siku ya kwanza mawingu, ya pili mawingu. Tukala wali mkavu wa Mutale, tukacheza karata, na mimi nikagawa karanga. Hendrik alikuwa anatoka nje kila mara kuliangalia anga kwa hasira. Nami nilikuwa nikiona uso wa Witness kwenye kila wingu.

Jioni ya mwisho

Siku ya mwisho kukapambazuka kweupe. Kule majira hayo giza linaingia mapema, na jua lilipozama tu tulikuwa wote chumba cha kompyuta, hakuna anayekaa. Darubini ikageuka, mwanga ukakusanywa, Mutale akabonyeza.

Mistari ikatokea, mamia kwa pamoja, hata sikuwahi kuutafuta wa Kwaraa. Nilipiga makofi. Nikapiga peke yangu, maana wenzangu walikuwa wameinama.

Kila nyota ilikuwa na kasoro ile ile. Mahali ambapo palipaswa kuwa na bonde kulikuwa na kilima, na vilima vilisimama mahali pale pale kwa zote, kana kwamba wanafunzi wote wamenakili kwa mmoja. Hendrik akakaa. Miaka yake mingi iko ndani ya ile mashine, na niliona mikono yake inatafuta pa kushika.

"Kuna mwanga unamwagika," akasema. "Nyota moja kali inawachafua wengine." Halafu akanitazama, na nikajua atakachosema kabla hajakisema. "Mwalimu, nyota yenu ndiyo kali kuliko zote. Naomba uutoe ule uzi."

Ng'ombe wa maskini hazai. Nilipanda juu kwenye darubini na mavazi yangu yote, nikaukuta uzi wa Kwaraa, nikauchomoa na kuufunika kifuniko chake. Nililia, nisiseme uongo. Machozi ya baridi yanauma zaidi.

Niliposhuka, chumba kizima kilikuwa kinashangilia. Mistari imenyooka, vilima vimepotea, kila bonde liko mahali pake. Mutale alikuwa anacheza. Hendrik akanishika bega, akasema pole, lakini kila mtu ameona, ni Kwaraa ndiyo iliyokuwa inaharibu. Nikampongeza, na nilimaanisha. Kisha nikaenda jikoni kujihurumia.

Jikoni ndipo mtandao ulipokuwa unashika. Simu ikalia, ujumbe wa sauti wa mama, wa tangu juzi. Nikausikiliza nikiwa nasubiri chai.

"Neema mwanangu, begi lilifika salama? Nimegundua kosa. Lile gunia nililolipima nikasema tupu, lilikuwa na maharage yamebaki pembeni. Mdogo wako akayamwaga ndipo tukatia begi. Kwa hiyo nilitoa la gunia pamoja na la maharage. Begi lako nililipunja. Unisamehe, na mizani ya watu usiitukane."

Nikacheka. Nikacheka hata zaidi nikikumbuka viatu shingoni. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni.

Kama mwanga wa Kwaraa ungekuwa unamwagikia wenzake, ungewapelekea mabonde yake, kwa sababu nyota ile ina mabonde. Lakini wenzake walipata vilima. Ukitoa kitu chenye bonde, kinachobaki kina kilima. Kwaraa haikuwa inamwagika popote. Ilikuwa inatolewa. Kompyuta ilikuwa imeipima kama anga tupu, ikaipunguza kwenye kila nyota. Gunia lilikuwa na maharage.

Nilirudi mbio nimeshika kikombe, chai yote ikabaki korido. "Mutale," nikasema, "tundu letu, kabla sisi hatujapewa, lilikuwa la nini?"

Mutale akafikiri. Kisha akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Hendrik alikosa nafasi, akachukua tundu moja la anga tupu akawapa ninyi. Wakatoboa sahani upya. Lakini kompyuta..." Akaacha, akaanza kuandika haraka. Hakuwa ameiambia kompyuta. Kwake, Kwaraa bado ilikuwa mahali pasipo na kitu.

Mabega ya Hendrik yakaanza kutikisika, na mzee yule ambaye sikuwahi kumwona akicheka akacheka mpaka akafuta miwani. Niliwaeleza habari za mama na gunia, ikabidi nirudie mara mbili. "Panda," Hendrik akaniambia. "Upesi, wingu linakuja kutoka kusini."

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka vidole vyangu vimekufa ganzi na uzi ukaingia kwenye tundu mara ya kwanza, tik, kama kifungo cha shati. Mutale akabonyeza. Wingu lilikuwa linakula nyota upande mmoja wa anga, sisi tunapima upande wa pili. Na mstari wa Kwaraa ukatoka. Mweupe, mrefu, mabonde yake makubwa yamepangana vizuri, mahali pake hasa. Nyota nyingine zote nazo safi. Nilimkumbatia Hendrik na sweta zangu zote, akasema, "Mwalimu, siwezi kupumua."

Wingu lilipofunika, kazi ilikuwa imekwisha. Nikaomba wanichapishie karatasi mbili, ile safi na ile ya kwanza iliyoharibika. Hendrik akataka ile mbaya itupwe. Nikamwambia hapana, hiyo ndiyo yenye somo.

Nyumbani

Safari ya kurudi sina cha kusimulia, nililala. Asali nilimwachia Mutale, naye akanipa nyama kavu ambayo mama ameikataa akisema ni kamba.

Jumatatu mama alinisindikiza shuleni kwa bajaji, akipeleka maharage ya jiko la kambi. Nikaingia darasani, nikabandika karatasi mbili ubaoni. Nikasema, hii safi ndiyo Kwaraa. Wakapiga makofi, wakagonga madawati, mmoja akasema Babati tunatisha. Kisha nikawaonyesha ile mbaya, nikawaambia hapa ilikuwa inahesabiwa kama mahali pasipo na kitu, kwa hiyo ikatolewa kwenye nyota zote. Nikaanza kueleza vilima na mabonde, na nikaona macho yao yanazimika moja moja. Nilikuwa nawapoteza.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake tupu. "Si walitoa la gunia likiwa na maharage?" akasema. "Kama mimi na begi lako."

Darasa likaguna kwa pamoja, lile guno la kuelewa ambalo kila mwalimu analijua. Watoto wa wakulima wote wale, nani hajaona gunia likipimwa.

Witness alikuwa amekaa dawati la mbele, hajapiga makofi hata mara moja. Alikuwa anaitazama karatasi iliyoharibika, kidole kinafuata kilima kimoja hewani, kinapanda, kinashuka.

"Kwa hiyo, Madam," akasema polepole, "katika hii mbaya, alama yetu iko kwenye nyota za wote. Walipodhani hatupo."

"Ndiyo."

Akainuka. Akamwamkia mama yangu shikamoo, akasogea mpaka ubaoni. Ubaoni, chini ya ile karatasi yenye vilima, palikuwa na nafasi tupu kubwa ambayo sikujua niijaze nini.

"Madam, usitupe majibu," akasema. "Nipe chaki, tukokotoe wenyewe."

Nikampa, nikaenda kukaa dawati lake.